Nguo na Hadhi: Historia ya Ishara za Kijamii katika Pwani ya Waswahili

Wataalamu wa mienendo ya binadamu hutofautisha dalili na ishara. Dalili ni kile kinachofichua habari bila aliyekiacha kukusudia, kama unyayo juu ya mchanga au kikohozi cha mgonjwa. Ishara ni kitendo, kitu au vazi ambalo mtu amelitoa makusudi ili wenzake wamsome kwa namna fulani, na ambalo wenzake nao wamekubali kulisoma hivyo. Tofauti hiyo ni ndogo kwa kuitazama, lakini ndiyo chanzo cha mzozo wote, kwa sababu kinachotolewa kwa makusudi kinaweza pia kutolewa kwa uongo. Jamii inayomtambua tajiri, mcha Mungu au mtu wa ukoo kwa vazi lake hulazimika, mapema au baadaye, kujiuliza ni kitu gani kinachomzuia asiye na sifa hizo kuvaa vazi lile lile. Kwa kawaida jibu limekuwa ama kuliharamisha vazi hilo kwa wengine, ama kulifanya ghali wasilifikie. Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki majibu yote mawili yalijaribiwa kwa muda mrefu, hasa kwa kitambaa, hadi wanawake wa pwani wenyewe walipobuni njia nyingine ambayo watunga nadharia hawakuitazamia.

Viatu vya sultani, 1331 hadi karne ya 16

Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwa uangalifu mavazi aliyopewa kabla ya kuruhusiwa kukutana na mtawala: kikoi cha hariri cha kufunga kiunoni, kwa kuwa wenyeji hawakuwa na desturi ya suruali, kanzu ya kitani cha Misri, vazi la juu lililotiwa bitana na kilemba cha Misri chenye nakshi. Zawadi hiyo haikuwa ukarimu mtupu. Mgeni aliyevikwa na mtawala aliingia msikitini akiwa tayari amesomwa na kila mtu kama mtu aliye chini ya ulinzi wake, wala hapakuhitajika mpiga mbiu wa kulitangaza jambo hilo. Baada ya sala ya Ijumaa, mtawala alivaa makubadhi yake, akamwamuru kadhi na Ibn Battuta kuvaa ya kwao, kisha wakatembea kuelekea nyumbani kwake huku watu wengine wote wakienda miguu mitupu. Juu ya kichwa cha mtawala palichukuliwa miavuli minne ya hariri ya rangi, kila mmoja ukiwa na ndege wa dhahabu kileleni. Viatu na kifuniko cha kichwa, vitu viwili ambavyo karne tano baadaye vingemtenga mwungwana na mtumwa, vilikuwa tayari vinapima umbali kati ya mtu na mtu.

Mogadishu yenyewe ilifuma kitambaa kilichosafirishwa hadi Misri, lakini katika miji mingine nguo za fahari zilitoka ng'ambo, hasa Gujarat, na asili hiyo ya mbali ilikuwa sehemu ya thamani yake. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, alieleza jinsi watu wa Kilwa na Mombasa walivyovaa pamba nzuri, hariri na dhahabu. Na kuhusu Sofala aliacha habari inayostahili kusimamiwa kidogo. Wafumaji wa huko walijua kufuma pamba nyeupe lakini hawakujua kuitia rangi, kwa hiyo walinunua vitambaa vya buluu vya Cambay huko Gujarat, wakavifumua uzi baada ya uzi, kisha wakazifuma upya nyuzi hizo pamoja na nyeupe zao ili wapate nguo ya rangi mbili. Anayefumua nguo iliyokwisha kufumwa ili aifume tena hatafuti kinga ya baridi. Rangi ndiyo iliyokuwa ikinunuliwa, na rangi ilikuwa na maana kwa sababu kila aliyeiona alijua ilivyo taabu kuipata.

Wareno walizipora Kilwa na Mombasa mwaka 1505, na muda si mrefu waligundua kwamba bila nguo za Gujarat hapakuwa na biashara ya maana ya kufanya. Ishara nyingine iliyodumu ilikuwa jiwe. Nyumba ya matumbawe na chokaa, yenye zidaka ukutani zilizopangwa bakuli na sahani za China, ilimwambia nahodha aliyetoka Arabuni au Bara Hindi kwamba mwenye nyumba hakuwa mtu wa kutoroka na mkopo usiku, kwa kuwa mtu haukimbii ukuta uliomchukua miaka kuujenga. Hata wafu walipewa ishara hiyo: kwenye makaburi ya nguzo, kama yale ya Kunduchi, sahani za kaure zilipachikwa ndani ya chokaa, na leo mara nyingi kinachobaki ni tundu la duara tu.

Merikani na kaniki, 1833 hadi 1897

Mwaka 1833 Seyyid Said, mtawala wa Oman aliyekuwa akihamishia makao yake Unguja, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Pamoja na mkataba huo ilimiminika pamba isiyotiwa rangi iliyopakiwa katika bandari ya Salem, Massachusetts, ambayo watu wa pwani waliipa jina la nchi ilikotoka: merikani. Katika njia za misafara ilihesabiwa kama fedha, shuka ikiwa mikono minne na doti mikono minane, na pale vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoikata shehena kati ya 1861 na 1865, viwanda vya Bombay vikapata nafasi ya kuingia sokoni.

Wingi wa kitambaa rahisi ulileta tatizo jipya. Maadamu nguo zilikuwa chache, ughali wake ulitosha kulinda maana zake. Ziliposhuka bei, katika Unguja iliyokuwa ikijaa watumwa wa mashamba ya karafuu, desturi ilibidi iingie mahali pa bei. Mtumwa wa kiume hakutarajiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya waungwana. Mjakazi alijifunga merikani, au kaniki, yaani pamba iliyotiwa nili hadi kuwa ya buluu nyeusi, chini ya makwapa huku mabega na kichwa vikiwa wazi. Kwa upande wa pili walisimama mabwana wenye kanzu, joho, kilemba na jambia kiunoni, na wake zao wenye ukaya, suruali za marinda na barakoa usoni. Lamu na Mombasa mwanamke wa kiungwana alipotoka nje alitembea ndani ya shiraa, pazia lililoinuliwa kwa vijiti na wajakazi wake, kiasi kwamba mpita njia aliona hema likitembea na miguu ya waliolibeba. Shiraa ilimficha mwenyewe na kuuonyesha utajiri wake, kwa kuwa bila watumwa haikuweza hata kusimama.

Lakini isidhaniwe kwamba mipaka hiyo ilikuwa kama ukuta. Bwana tajiri aliweza kumvika suria au mtumishi wake kwa fahari, kwa kuwa mwili wa mtumwa nao ulikuwa ubao wa kutangazia mali ya bwana wake. Vibarua, yaani watumwa wa mjini waliofanya kazi ya kulipwa na kugawana ujira na mabwana zao, na wapagazi waliorudi kutoka bara na fedha mkononi, walinunua kanzu na kutafuta mahali pa kuivaa ambapo hakuna wa kuwavua. Neno lenyewe la sifa lilikuwa limehama: penye uungwana wa zamani, uliotokana na ukoo na mji, palianza kusikika zaidi ustaarabu, kufanana na Waarabu waliotawala. Mwanahistoria Ibn Khaldun alikuwa ameandika tangu 1377 kwamba aliyeshindwa huvutwa siku zote kumwiga mshindi katika mavazi na desturi zake. Unguja ya karne ya 19 ingempa mifano ya kutosha.

Katika miongo hiyo ilizaliwa kanga. Simulizi inayorudiwa zaidi ni kwamba wanawake wa mjini walianza kununua leso za rangi, neno lililotokana na Kireno, zikiwa bado hazijakatwa kutoka kwenye jora, wakazigawa vipande vya leso tatu tatu na kushona viwili pamoja, wakapata nguo moja pana ya leso sita. Wafanyabiashara walipoiona wakaagiza ichapwe mzima mzima, na madoadoa meupe ya michoro ya mwanzo yakaifananisha na ndege kanga, ingawa Mombasa hadi leo wengi huiita leso. Huuzwa kwa doti, jina lililobaki kutoka kwenye kipimo cha merikani: pande mbili zinazofanana, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda. Mjakazi wa zamani alikuwa na upande mmoja tu, na mabega yake yalikuwa nje. Aliyevaa doti nzima alikuwa amejifunika.

Baada ya tangazo, 1897 hadi miaka ya 1930

Tarehe 6 Aprili 1897 hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba, lakini kwa masharti: aliyetaka uhuru alipaswa kuuomba mahakamani na kuonyesha kwamba ana makazi na njia ya kujikimu, na masuria waliachwa nje ya tangazo hadi 1909. Katika pwani ya Kenya utumwa ulifutwa 1907, na Tanganyika 1922. Uhuru wa namna hii ulikuwa karatasi, na karatasi ina udhaifu mmoja mkubwa kama ishara: lazima itolewe mfukoni na kusomwa. Barabarani, kisimani na kwenye maziko hakuna aliyesimama kuuliza vyeti, bali watu walitazama. Kwa hiyo waliokuwa watumwa waliuchukua uhuru wao dukani, na kwa wingi uliowashangaza watazamaji wa Kizungu, wengi wao wakauita ubadhirifu wa watu wasiojua kuweka akiba. Hukumu hiyo haikuona kilichokuwa kikinunuliwa. Mwanamume aliyetumia ujira wa karafuu kununua kanzu, kofia, viatu na mwavuli alikuwa akivaa, kimoja baada ya kingine, vitu vile vile alivyonyimwa.

Miaka miwili baada ya tangazo, mwanauchumi wa Kimarekani Thorstein Veblen alitoa kitabu chake kuhusu tabaka la wenye nafasi, akiieleza dhana ya ulaji wa kujionyesha: mali hutumiwa hadharani, na hata kupotezwa, ili kuthibitisha kwamba mtumiaji anayo ya kupoteza. Mjerumani Georg Simmel akaongeza mwaka 1904 kwamba mitindo huenda kama mbio zisizo na mwisho, walio chini wakiiga, walio juu wakikimbia kutafuta tofauti mpya mara tu ile ya zamani inapofikiwa. Maelezo yote mawili yanaingia Unguja bila kusukumwa, lakini kuna sehemu yasiyoigusa. Kwa mwanamke wa Ng'ambo, mtaa wa maskini uliotenganishwa na Mji Mkongwe kwa mkono wa bahari, kumshinda jirani yake lilikuwa jambo la pili. La kwanza lilikuwa kwamba aliyemjua mwaka 1895 asiweze tena kumtambua.

Hilo linaeleza historia ya buibui, vazi jeusi la kujifunika mwili mzima lililoenea mwanzoni mwa karne ya 20 na kuhusishwa na Hadhramaut. Mgeni huona katika buibui kifungo, lakini kwa wanawake ambao mama zao walikatazwa kujifunika, kwa kuwa staha ilihesabiwa mali ya waungwana peke yao, lilikuwa haki iliyochelewa. Tena lilikuwa na uzuri wa kutopendelea: chini ya nguo moja nyeusi, binti wa Mwarabu mwenye shamba na binti wa mjakazi wake walifanana njiani. Shiraa ilihitaji watumwa wa kuibeba ikafa pamoja na utumwa. Buibui lilihitaji mikono miwili ya mwenyewe.

Majina nayo yalibadilika. Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa mwimbaji aliyezaliwa Fumba karibu na mwaka 1880 na kuitwa Mtumwa, akauza vyungu kwa miguu kabla ya kuhamia mjini, kisha akafahamika kwa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima. Siti binti Saad aliichukua taarabu, iliyokuwa burudani ya jumba la sultani kwa Kiarabu, akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri zilizouzwa pwani nzima. Mwandishi Shaaban Robert baadaye aliuandika wasifu wake. Dini pia ilikuwa ishara iliyofungiwa, na ilifunguliwa vivyo hivyo: Lamu, mwishoni mwa karne ya 19, mwanachuoni Habib Swaleh aliwafundisha elimu watu wa asili ya utumwa na kuwaingiza kwenye maulidi, jambo ambalo waungwana wa mji hawakulipokea kwa furaha. Hata hesabu za watu zilizofanywa na serikali ya kikoloni ziligeuka uwanja wa kujitambulisha: kati ya 1924 na 1931 idadi ya waliojiandikisha Unguja kuwa Waswahili, jina lililokuwa limeanza kunuka utumwa, iliporomoka mno, huku majina mengine ya asili yakipanda.

Penye usawa wa mavazi, mashindano yalihamia kwenye kikundi. Vyama vya beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi na kuanza katika miji ya pwani ya Kenya kabla ya kusambaa hadi Tanganyika, vilikuwa na wafalme, majemadari na madaktari wao, sare zilizopigwa pasi hadi kukatika, na uhasama kama ule wa Marini, walioonekana watu wa juu, dhidi ya Arinoti. Chama kilichoalikwa karamu kilipaswa kurudisha kubwa zaidi au kukubali aibu, na wanawake wa ngoma ya lelemama walishindana vivyo hivyo kwa sare na chakula. Maofisa wa kikoloni walisumbuliwa na gharama hizo, na pengine na ule ustadi wa kuwaiga.

Jina, pindo na mji

Kanga ilipokuwa ya kila mtu, haikuweza tena kutofautisha mtumwa na huru, na kwa muda ilitofautisha aliyepata mchoro mpya na aliyechelewa. Michoro ilibadilika upesi, na mzigo uliochelewa meli ulifika wakati wanawake wamekwisha kuuchoka hata kabla ya kuuona, hasara ikabaki kwa muuzaji. Hapo ndipo lilipoingia jambo lililoipa kanga sura yake ya sasa. Kanga ina pindo, yaani ukingo wa pande zote nne, ina mji, yaani eneo la katikati, na juu kidogo ya pindo la chini ina jina: sentensi moja iliyochapwa, mwanzoni kwa hati ya Kiarabu na baadaye kwa herufi za Kirumi. Ubunifu huo mara nyingi huhusishwa na duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza Mombasa mwaka 1887 na ambalo alama yake ya Mali ya Abdulla imebaki kwenye kanga hadi karne hii.

Mnunuzi anayejua huikunjua kanga juu ya meza ya duka, akatazama rangi, kisha akauliza: inasemaje? Kwa maana nguo iliyoandikwa Hasidi hana sababu haifai kupelekwa zawadi kwa mkwe, hata ikiwa na rangi nzuri namna gani. Aliyenunua hujifunga ili jina liangukie nyuma, usawa wa nyonga, mahali ambapo mvaaji mwenyewe halioni bali anayebaki nyuma yake analisoma vizuri. Anaweza kupita hivyo mbele ya mlango wa mke mwenziwe mara tatu kwa siku akielekea dukani kununua chumvi, bila kusema neno. Ni jiwe lililotupwa gizani. Aliyelengwa akitoka kulalamika, amekiri mbele ya mtaa kwamba maneno yale yanamhusu, na mvaaji atajibu kwa utulivu kwamba alipenda maua.

Hapa kanga inaachana na nadharia ya Veblen, na nyingine zinazopima ishara kwa gharama yake. Mwanauchumi Michael Spence, katika makala ya mwaka 1973 iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya uchumi 2001, alionyesha kwamba ishara hutenganisha watu pale tu inapokuwa nafuu kwa mwenye sifa na ghali kwa asiye nayo: cheti cha shule kingeweza kumsaidia mwajiri hata kama shule haikufundisha kitu, mradi asiye na uwezo aone taabu zaidi kukipata. Miaka miwili baadaye mwanabiolojia Amotz Zahavi alipeleka wazo kama hilo kwa wanyama, akidai kwamba ishara huaminika kwa sababu inamlemea anayeitoa. Na watafiti walioangalia swala tomi wa Serengeti miaka ya 1980 waliona kwamba mbwa mwitu huwafuata zaidi wale wanaorukaruka kwa uvivu, kwa kuwa mruko wa juu mbele ya adui ni anasa ambayo mnyama dhaifu haimudu. Kipimo hicho kinaieleza vizuri kofia ya viua ya pwani, ambayo vitobo vyake vidogo huzungushiwa uzi kwa mkono, kimoja kimoja, kwa wiki au miezi. Tangu kofia za mashine zilipoingia sokoni, wazee barazani hutupia jicho vitobo kabla hawajamtazama aliyeivaa. Lakini jina la kanga halina gharama ya aina hiyo, kwa kuwa doti ya matusi na doti ya dua huuzwa bei moja. Kinacholipwa ni kingine. Anayeivaa huweka rehani heshima yake mbele ya mtaa unaojua kusoma, na asiyejua lini kunyamaza, au anayewapasha wakubwa zake, hupoteza zaidi ya thamani ya nguo.

Kutoka Urafiki hadi kampeni

Kwa miongo mingi kanga zilichapwa Ulaya, India na Japani kwa watu ambao wachapaji hawakuwahi kuwaona. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na nguo iliyozoea kusema mambo ya nyumbani ikaanza kubeba siasa, picha za viongozi na sherehe za taifa. Kisha ukaja uhaba wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambapo nguo zilipangiwa foleni na doti mpya ilitangaza kwamba mwenye nayo ana ndugu dukani au mpakani, ishara ambayo hakuna kiwanda kilichoikusudia. Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, mitumba na nguo za nje zilifunika masoko, na fahari ikahamia kwenye sare za harusi: kamati huchagua kitambaa, kila ndugu na rafiki hununua chake, na siku yenyewe asiyenunua hujulikana ukumbini kabla hajaketi. Katikati ya mabadiliko hayo yote, kisutu, kanga ya nyekundu, nyeupe na nyeusi anayovishwa bibi harusi, imebaki na mchoro wake ule ule, na kwa desturi haina jina.

Mfumo wa vyama vingi ulirudi Tanzania mwaka 1992, na kuanzia uchaguzi wa 1995 kanga za vyama zimegawiwa bure kwenye mikutano kwa maelfu. Mgombea huona uwanja umejaa rangi zake akafarijika, ingawa mama aliyeketi mstari wa mbele aweza kuwa na kanga ya chama kingine aliyopewa wiki iliyopita, imekunjwa ndani ya sanduku lile lile. Matokeo yakishatangazwa, zote mbili hushuka daraja pamoja: moja hubebewa mtoto mgongoni, nyingine hupelekwa jikoni kuepulia sufuria, picha ya mgombea ikiwa upande wa moto.